Sampuli Ina Mwenyewe

Sampuli ya mkataba yenye jina baya kuliko zote nchini ilijazwa wilayani kwetu Kilosa, mwishoni mwa Novemba 1884. Mahali penyewe ni Msowero, njiani ukitokea Dumila kuja Kilosa mjini. Aliyekuja na karatasi ni Carl Peters, Mjerumani wa miaka 28, akifuatana na Karl Jühlke na Joachim von Pfeil. Aliyewekewa karatasi mbele ni Mangungo, mtawala wa Msowero, ambaye mpaka leo hutajwa bungeni na vijiweni kila mtu anapotaka kusema kwamba nchi inauzwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba Mangungo alilaghaiwa, na ni kweli. Ila mimi nimeshika karatasi za watu kwa muda mrefu, na mkataba ule nausoma kikarani. Peters na wenzake waliondoka Zanzibar tarehe 10 Novemba. Kabla ya Krismasi walikuwa wamesharudi pwani na mikataba 12 ya Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami. Mtu anayekata pori kwa miguu hakai chini kutunga mikataba 12 kwa wiki chache hizo. Anajaza. Jina la mtawala hapa, jina la nchi yake pale, tarehe, mashahidi, alama ya asiyejua kuandika. Mengine yote yanasafiri kutoka kijiji hadi kijiji bila kubadilika: urafiki wa milele, ardhi yote na haki zake zote kukabidhiwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Peters mwenyewe alieleza baadaye jinsi kazi ilivyokwenda. Wanaketi na mtawala juu ya kitanda, kinywaji kinazunguka, zawadi zinatolewa, alama zinatiwa, bendera inapandishwa, karatasi inasomwa kwa Kijerumani, bunduki zinapigwa hewani.

Ndani ya mkataba wa Msowero mna kifungu ambacho kila nikikifikia nasimama. Mangungo anatamka kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, tena hajui hata kama kuna mtu wa namna hiyo. Hebu fikiria. Bonde la Mkondoa ndiko ilikopita misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi, na nguo, shanga na baruti zote zilitoka kwa wafanyabiashara wa Zanzibar. Mtawala wa Usagara asiyemjua Sultani angekuwa kama mchuuzi wa stendi ya Mikumi asiyelijua basi. Kifungu kile hakikumhusu Mangungo hata kidogo. Kiliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekuwa Berlin, ili Sultani mwenyewe, Seyyid Barghash, asipate pa kusimama kudai kwamba nchi ile ni yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na Barghash alipolalamika, majibu aliyoyapata ni manowari mbele ya jumba lake Agosti mwaka huo huo.

Basi ninapoletewa mkataba wowote wa kujaza, hata ule wa kupanga chumba kimoja, swali langu la kwanza ni hilo: hii karatasi ilipoandikwa mara ya kwanza, aliyeiandika alikuwa anamlinda nani, na alikuwa anamwandikia nani aisome?

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Baada ya kustaafu nikawa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale tuliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na sasa nakaa Mikumi. Kibarazani kwangu nasikia breki za malori ya Zambia na wapiga debe wa Ifakara na Kidodi. Jirani yangu ni steshenari. Ukitaka kuijua hali ya sheria katika mji mdogo kama wetu, usianzie mahakamani. Anzia steshenari. Pale ndani ya kompyuta moja yenye vumbi mna mikataba ya mji mzima: mauziano ya kiwanja, kukodi shamba, kupangisha fremu, pikipiki, kukopeshana, kiapo cha kupotelewa na cheti, wosia. Mtu anaingia, anasema “dada naomba ile ya mauziano,” anataja majina na bei, na kabla soda haijaisha karatasi imetoka ikiwa ya moto. Dada wa watu hana kosa, yeye kazi yake ni kuchapa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kuandaa hati nyingi za namna hii kwa malipo, na inamtaka aliyeiandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Ndiyo maana chini ya sampuli nyingi za pale utakuta pameandikwa kwamba imeandaliwa na wakili fulani wa Morogoro mjini, sanduku la posta na kila kitu. Wakili huyo hajui kwamba kila wiki anauza mashamba Mikumi. Mwingine namfahamu, ni marehemu.

Nisieleweke vibaya, mimi siyo adui wa sampuli. Kuna wasomi wanaoziona kama uvivu, na hapo sikubaliani nao. Kazi hii ni ya zamani na ya heshima. Huko Misri, al-Tahawi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 933, aliandika vitabu vizima vya hati za mfano, za kuuza, kukodi, kuweka wakfu, kila neno likiwekwa mahali pake ili kadhi wa madhehebu yoyote asipate ufa wa kuivunjia hati. Ulaya nako (nasema Ulaya ya Wazungu, siyo Ulaya yetu hii iliyo kati ya Kilosa na Mikumi) mtawa aliyeitwa Marculf alikusanya hati za mfano tangu karne ya 7. Sampuli nzuri ni kumbukumbu ya kesi zilizoshindwa. Neno linaloonekana la ajabu ndani yake, mara nyingi kuna mtu alilikosa akapoteza haki yake.

Chukua viapo. Mwishoni mwa kila kiapo kuna sehemu inayosema kimeapwa mbele ya nani, wapi na lini. Watu huiona kama pambo. Mwaka 2002, katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kutaja mahali na tarehe ni lazima, kwa sababu kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinasema hivyo waziwazi. Baadaye sheria ikaongeza kwamba na jina la kamishna liandikwe, si saini peke yake yenye mikunjo kama mkia wa ngedere. Sasa angalia mtego wa sampuli: kiapo cha pale jirani kinatoka kikiwa kimeshaandikwa kwamba kimeapwa Morogoro. Mwapaji ameapa Kilosa. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, lakini karatasi imesema uongo kuhusu kitu kile kile ambacho sheria inataka kisemwe kwa ukweli. Na pale juu utakuta “Mkristo/Mwislamu” na “naapa/nathibitisha” vyote vimeachwa vilivyo, kana kwamba mwapaji atachagua dini akifika mbele ya hakimu.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ardhi. Sampuli za mauziano zinazozunguka Mikumi nyingi zilizaliwa Dar es Salaam, na harufu ya Dar es Salaam haijazitoka. Zinasema mauziano yamefanyika mbele ya Serikali ya Mtaa, na chini kuna nafasi ya muhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa. Mikumi ni mamlaka ya mji mdogo. Sisi tuna vitongoji, mtaa hatuna. Ukienda Zombo au Mhenda ni kijiji, chenye halmashauri ya kijiji, na hapo ndipo karatasi ya mjini inapomponza mnunuzi.

Maana ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Haihami kutoka mkono hadi mkono kwa makubaliano ya wawili tu. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Hata kabla ya sheria hiyo Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshasema hivyo, mwaka 1985, katika kesi ya Nyagwaswa dhidi ya Nyirabu: ardhi ya kijiji imeuzwa, fedha zimelipwa, lakini kibali cha kijiji hakikuchukuliwa, na mauziano yakahesabiwa si kitu. Sampuli ya mjini haina nafasi ya kibali hicho. Haina hata mstari wa kukukumbusha kukiuliza. Mtu anatoka steshenari na karatasi safi, mashahidi wanne, picha ndogo zimebandikwa, amelipa na wakili agonge muhuri, na bado hana shamba.

Bibi mmoja alikuja kwangu na karatasi ya namna hiyo imefungwa ndani ya mfuko wa sukari, anataka nimsomee tu. Ilikuwa imeandikwa vizuri, tena herufi kubwa. Nikamuuliza, “Bibi, kijiji kilikaa kikao?” Akanijibu, “Mwenyekiti alikuwepo, hata soda alikunywa.” Nikamweleza kwamba mwenyekiti kunywa soda si kikao, kikao kina muhtasari. Tulianza upya, tukaandika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba suala lipelekwe kwenye halmashauri. Bahati yake muuzaji alikuwa hai na muungwana.

Kuna na nafasi ya mipaka. Sampuli zote zinauliza kaskazini unapakana na nani, kusini nani, mashariki, magharibi. Ni swali zuri, jibu ndilo bovu. Watu huandika “mto”. Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika ukavunja kingo zake, ukafukuza watu majumbani na kung'oa reli, na mafuriko ya namna hiyo hayauachi mto mahali ulipokuwa. Mwenye karatasi inayosema anapakana na mto, anapakana na mto wa mwaka gani? Mimi huwaambia watu waandike mti, jiwe, jina la jirani, hatua ngapi kutoka barabarani. Nafasi kwenye sampuli ni fupi, sentimita chache za vinukta, na watu hudhani urefu wa vinukta ndio urefu wa jibu. Waandike nyuma ya karatasi kama nafasi haitoshi, wasaini na huko.

Jambo la mwenza nitalipita haraka kwa sababu linajulikana, ingawa halifuatwi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo kwenye kifungu cha 59. Sampuli za zamani zina mstari wa mke kama shahidi tu. Kushuhudia na kuridhia ni vitu viwili. Ushuru wa stempu nao, watu huukumbuka siku ya kesi, pale hakimu anapokataa kupokea karatasi kama kielelezo mpaka ilipiwe.

Ukitaka kuona sampuli iliyoandikwa kwa kumfikiria mnyonge, tazama hati ya hakimiliki ya kimila. Nayo ni fomu ya kujaza, imo kwenye kanuni za mwaka 2001. Lakini inamtaka mwenye ardhi atie saini au alama yake chini ya kila ukurasa, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wasaini, na afisa ardhi wa wilaya asaini, agonge muhuri na kuisajili. Inachosha. Huwa nawaambia wanaolalamika kwamba Mangungo aliweka alama yake mara moja tu, mwishoni.

Vijiji vyenyewe pia hutunga sheria ndogo, na huko sampuli imetawala kabisa. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 287, imeweka njia: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kwa vitendo, kinachopelekwa kwenye mkutano mara nyingi ni nakala ya kijiji kingine iliyofutwa jina. Niliwahi kusoma sheria ndogo za kijiji kimoja kilicho juu mlimani, zinakataza uvuvi wa makokoro ziwani na kuweka faini yake. Ziwa lenyewe, kwa kadiri ninavyoijua milima yetu, bado halijaumbwa. Wanakijiji walikuwa wamezipitisha kwa kunyoosha mikono. Nilipomuuliza mzee mmoja mbona hamkuuliza, akasema kwamba ilikuwa saa nane mchana na maneno yalikuwa mengi.

Lakini wilaya hii hii imeonyesha namna nyingine. Tangu 2012, mradi wa mkaa endelevu ulipoanza Kilosa chini ya shirika la TFCG na wenzao wa mashirika ya MJUMITA na TaTEDO, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vilipaswa kupanga matumizi ya misitu yao wenyewe. Pale nakala ya jirani haikusaidia. Msitu ulipimwa na kugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vikakatwa kwa kuachana ili visiki vichipue, kwa mzunguko wa miaka 24. Huwezi kunakili mambo hayo. Lazima kijiji kiseme kitalu kipi, mwaka gani, nani anatoa kibali, fedha zinaingia wapi. Kichwa cha sheria na vifungu vya mwisho unaweza kuazima popote, havidhuru. Katikati ndiko kwenye nyumba yako.

Tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, si za mwanzo peke yake, na mimi nilishangilia. Matokeo yake pale jirani ni kwamba sampuli za Kiingereza zilizokuwa zimelala sasa zinapitishwa kwenye simu, zinatoka Kiswahili ambacho hata simu yenyewe ikiulizwa itakana. Nimeona mkataba wa fremu unaomtaka mpangaji “afurahie kimya” kwa miaka miwili. Mpangaji mwenyewe ni fundi wa kuchomelea.

Nimalizie na pikipiki, maana ndizo zinazoniletea watu wengi siku hizi. Mikumi kijana asiye na mtaji hupewa pikipiki ya mkataba: anapeleka hesabu, tuseme elfu kumi kila siku isipokuwa Jumapili, kwa mwaka na miezi kadhaa, kisha chombo kinakuwa chake. Mpango mzuri. Kijana mmoja alinijia jioni, bado hajasaini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeusoma?”

“Bosi kasema ni wa kawaida tu, kila mtu anasaini huu.”

“Wa kawaida kwa nani?”

Tukausoma pamoja kwa sauti, kifungu kwa kifungu, yeye akisoma mimi nikimsimamisha. Akichelewesha hesabu siku tatu, chombo kinachukuliwa na alicholipa hakirudi. Hakuna neno kuhusu siku ambazo pikipiki iko gereji au yeye yuko hospitali. Hakuna neno kuhusu lini kadi itabadilishwa jina akimaliza kulipa. Halafu tukafika kwenye kifungu kinachosema kwamba kila pikipiki italazwa kwenye yadi ya kampuni ifikapo saa nne usiku. Kijana akacheka. Bosi wake ni mama mwenye duka la vipuri, pikipiki anayo hiyo moja, yadi hana.

Nikamwambia twende kwake. Yule mama alitupokea vizuri, akatuwekea viti. “Mzee wangu,” akasema, “mimi wala sikuuandika huo, nilipewa steshenari.” Na nilimwamini. Mbele yangu walikuwa wamekaa watu wawili wanaotaka kufanya kazi pamoja, na katikati yao karatasi ya mtu wa tatu, tajiri fulani wa mbali mwenye pikipiki labda hamsini na yadi na hofu zake. Nikamweleza mama kwamba hata akiung'ang'ania, Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, haimpi mtu adhabu yote aliyoiandika. Inampa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Mahakama inaweza kumuuliza: umepata hasara gani mpaka ubaki na chombo na fedha zote? Hakubishana. Alichotaka yeye ni uhakika wa hesabu yake, basi.

Siku tatu zikawa saba. Siku za gereji na hospitali zikatolewa kwenye hesabu, kwa risiti. Chombo kikichukuliwa, wanakaa na mashahidi wao, uchakavu na deni vinakatwa, kinachobaki kinarudi. Kadi inabadilishwa ndani ya siku 30 baada ya malipo ya mwisho, na gharama wanagawana. Yadi tukaifuta. Dada wa steshenari akachapa, wakasaini kila ukurasa, kila mmoja akachukua nakala yake.

Haukupita muda, kijana mwingine akaja kibarazani na mkataba wa bosi mwingine. Nikaona siku saba, gereji, risiti, kadi, yote yamo. Nikamwambia huu ni mzuri, umeupata wapi? Akasema pale jirani, ndio unaotoka siku hizi. Akaendelea kusoma, akafika kifungu cha nane, akasimama, akaweka kidole kwenye jina lililokuwa pale, ambalo halikuwa lake.

“Mzee, sasa huyu ni nani?”

Nikamwonyesha ng'ambo ya barabara. “Yule pale, anayepakia magunia.”